Motokaa ya Bobu

Wasomaji wapenzi, leo mtaniwia radhi. Wengi wenu mnanijua kwa kazi ya kuandika vyeti vya ubatizo na kupokea zaka, na habari ninayowaletea haifanani na kazi hiyo. Ni habari ya mtu mzima, tena aliyesomea ualimu, aliyekaa jioni nyingi katika kibanda cha gemu hapa Hamugembe akimtengenezea motokaa dereva ambaye hana mwili wala roho. Mkicheka, chekeni. Hata mke wangu alicheka.

Naanza na kijana, maana bila yeye nisingefika huko. Ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Muleba. Baba yake alikuwa dereva wa lori, akafariki kijana akiwa Darasa la Sita. Alipomaliza Kidato cha Nne, dada alimleta kwangu na sanduku lake la bati na mkungu wa ndizi, akaniambia, "Kaka, wewe umepita chuo cha ualimu. Mtengeneze huyu awe kama wewe." Nami nikaitika upesi, kwa kuwa sifa ni tamu. Juma hilo hilo nikachukua karatasi ya maombi ya chuo, nikaijaza kwa mwandiko wangu mwenyewe, jina lake, shule yake, na sababu za kuupenda ualimu. Sababu hizo nilizitunga mimi. Nikaiweka katika mtoto wa meza ofisini, nikingoja wakati wa kuipeleka.

Kijana mwenyewe alikuwa kimya. Asubuhi, "Shikamoo, Mjomba." Usiku, "Usiku mwema, Mjomba." Katikati ya hapo nilikuwa kama ninaishi na kivuli. Alifagia uwanja, akateka maji, akapalilia migomba bila kuambiwa, kisha saa kumi akatoweka. Nilipouliza kwa jirani nikaambiwa, "Mwalimu, mpwa wako yuko kwenye gemu." Nikavaa viatu, nikaenda na hasira.

Wale mlio mbali na mji huenda hamjaona kibanda cha namna hii. Ni chumba kimoja cha bati, runinga tatu au nne, mabenchi, na vijana wamekaa bega kwa bega. Kila runinga ina mashine, na mchezaji hushika kidude cha vitufe kiitwacho pedi. Akibonyeza, watu au motokaa zilizo katika kioo hutenda anavyotaka. Mashine za kibanda kile ni PlayStation 2, za kampuni ya Sony, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 2000. Ni kuukuu, lakini mafundi wetu wamezifungua na kuzifunga mara nyingi, nazo bado zinakwenda. Sisemi kwamba mahali pale panamfaa mtoto wa shule saa za masomo, na mwenye kibanda nilimwambia hivyo usoni. Aliniitikia vizuri, akaniletea kiti.

Nilikuwa nimekusudia kumshika kijana mkono na kutoka naye. Lakini mvua ya ziwa haina hodi. Ilipiga bati hata tusisikizane, nami nikakaa. Kijana, kwa haya au kwa hofu, akanipa pedi yake kwa mikono miwili kama mtu atoaye kikombe cha kahawa. Hapo nikaona aibu mimi. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki. Siku ya tetemeko, Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, ukuta wa nyumba ya jirani uliniangukia mkono, na ninyi wa Bukoba mnakumbuka jinsi Hamugembe ilivyokuwa jioni ile. Kwa kalamu nimezoea. Kwa pedi haikuwezekana, maana motokaa yangu iligonga ukingo kabla ya kona ya kwanza, na mtoto mmojawapo akaziba mdomo asicheke.

Kijana akautazama mkono wangu, kisha akasema maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia: "Mjomba, wewe usiendeshe. Uwe mkubwa wa timu. Dereva yupo, ni wa kompyuta. Kazi yako kumwandalia gari na kumpa amri."

Mchezo wenyewe unaitwa Gran Turismo 4, ulioongozwa katika utengenezaji wake na Mjapani Kazunori Yamauchi, ukatolewa Japani mwisho wa mwaka 2004, na Marekani na Ulaya mwaka 2005. Una motokaa zaidi ya 700, na nyingi ni hizi hizi tunazoziona zikipita barabara ya Mutukula. Mchezaji huanza na fedha za mchezo 10,000, hununua motokaa kuukuu, hushindana, na ushindi humpa fedha za kununua vipuri. Ndani yake mna njia iitwayo B-Spec. Ukiichagua, usukani hushikwa na dereva wa kompyuta, nawe wabaki kama mwenye timu aliyekaa kando ya uwanja. Waweza kumwamuru kwa namba tangu 1 mpaka 5, aende taratibu au akaze. Waweza kumwambia ampite aliye mbele, au aingie kubadili matairi. Zaidi ya hapo huna mkono. Naye kadiri anavyoshindana ndivyo anavyozidi ujuzi wa kuendesha. Wachezaji wa Ulaya na Marekani walimpa jina la utani, Bob. Vijana wa Hamugembe humwita Bobu, na humsema kama mtu wa mtaani: "Bobu leo kalewa," "Bobu kaogopa kona."

Basi nikanunua Altezza. Mnaijua, ni Toyota ile ndogo ipendwayo na vijana wa mjini, ambayo injini yake ya lita 2 hufikisha nguvu za farasi 210, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nikafanya kama afanyavyo kila mtu mwenye fedha mpya. Tulizopata katika mashindano madogo nilizitia zote katika injini. Nikafunga tabo, nikabadili ekzosi, nikapunguza uzito. Springi nikazikaza mpaka mwisho, kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba motokaa za mashindano ni ngumu. Matairi nikayaacha yale ya kawaida. Nilikuwa nikiwaza jinsi ambavyo mimi ningeiendesha kama vidole vyangu vingekunjika: ningeirusha katika kona, nyuma ikateleza kidogo, nikairudisha kwa usukani, na watu wakapiga kelele.

Bobu akaondoka nayo. Katika njia iliyonyoka akawapita wawili. Kona ya kwanza akapanuka mpaka majanini. Ya pili nyuma ikamponyoka. Alipotoka mchangani alikuwa wa mwisho. Nikampa amri ya 5, akaze. Akapotea vibaya zaidi. Nikamwita mjinga. Tukarudia shindano lile jioni tatu, kwa fedha zangu halali za kibanda, na jioni zote tatu nikamwita mjinga, nikiongeza nguvu katika injini kila mara, kama mtu amwagaye mafuta ya taa juu ya moto huku akilalamika kwamba unawaka.

Jioni ya tatu kijana akaniuliza taratibu, akitazama chini: "Mjomba, hili gari umemtengenezea nani?"

Nikamjibu, "Bobu, si unamwona?"

Akasema, "Hapana, Mjomba. Umejitengenezea wewe."

Ndugu msomaji, maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa yalitoka kwa mtoto na yalikuwa kweli. Akaniomba tumtazame Bobu shindano moja zima, tusimpe amri yoyote ila namba 3, ile ya katikati, wala nisiseme neno. Kukaa kimya ni kazi ngumu kwa aliyesomea ualimu. Nilikaa. Na kwa kutazama, nikaanza kumwona.

Bobu hushika breki mapema, mapema sana, hata mahali ambapo mtoto wa kibanda asingeshika. Ana mstari wake uwanjani, naye hupenda kuurudia vile vile kila mzunguko. Maadamu motokaa inamwacha katika mstari ule, yeye ni hodari, wala hachoki. Lakini ikimtoa kidogo, hana ule werevu wa mwili tulio nao sisi wa kusikia tairi likilia na kulegeza mguu kabla ya hatari. Hungoja kosa litokee ndipo alisahihishe, kisha husahihisha mno. Na nyuma ikicheza kulia na kushoto, kila kona inakuwa vita, wakati unapotea, na nguvu zote nilizomnunulia zinaishia mchangani.

Kijana akaniambia tuanze upya, na jambo la kwanza akauza moyoni mwangu ile fahari ya injini. Tukarudi kwenye Altezza isiyo na tabo. Fedha zikaenda kwanza kwenye matairi laini yanayong'ang'ania lami. Kisha springi na shokomzoba tukazilegeza, nyuma zaidi kuliko mbele, ili pua ya motokaa iwe nzito kidogo kugeuka na mkia utulie. Kwa mchezaji mwenye mikono mizuri, motokaa ya namna hiyo inachosha, kwani unakata usukani nayo inasema ngoja. Lakini kwa Bobu ndiyo amani. Breki za mbele tukazipa kazi kubwa kuliko za nyuma, maana akishika breki huku mkia ni mwepesi, ndipo anapozunguka kama pia. Difu tukaifunga kiasi, ili asipokanyaga mafuta kwa busara, gurudumu moja lisikimbie peke yake.

Gia zilitupa taabu kuliko yote. Mimi nilitaka ya mwisho iwe ndefu kwa ajili ya njia iliyonyoka. Kijana alikataa. Alinionyesha kwamba Bobu, akipoteza mwendo katika kona, huchelewa kuupata tena kama gia zimeachana sana. Basi tukazisogeza karibu, tukakubali kwamba mwisho wa njia ndefu tutapitwa na mmoja au wawili. Tulibishana hapo karibu saa nzima, na mwenye kibanda akatutoza.

Nilipokuwa nikimtazama akizungusha namba zile, ilinijia picha ya wachukuzi wetu wa ndizi. Baiskeli ile ile, mikungu ile ile minne. Mwanamume aliyezoea mteremko huifunga juu, mbali nyuma, kwa sababu anajua kuiinamisha. Lakini kama anayeisukuma ni mvulana wa miaka kumi na mitatu, baba mwenye akili huishusha mikungu, huikaza karibu na fremu, tena hupunguza mmoja. Hakuna amwambiaye mvulana yule kwamba amepewa baiskeli mbaya.

Nikikumbuka, mambo haya hayakuanza na kompyuta. Katika Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi zetu tatu za Afrika Mashariki, alikuwako Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 na Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Yule alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, basi mkono ulioshika spana ndio ulioshika usukani, na hakuwa na haja ya kumwuliza mtu. Wengi wetu hatuna bahati hiyo. Siku hizi hata madereva wa kompyuta wenyewe wamebadilika. Katika mchezo wa Forza Motorsport wa mwaka 2005 alikuwamo dereva aitwaye Drivatar, ambaye huwatazama wachezaji wanavyoendesha, kisha akajifunza kuiga mwendo wao. Na Februari 2022 watu wa Sony walitangaza dereva wao aitwaye Sophy, aliyejifunza kwa kujaribu na kukosea mara nyingi mno, hata akawashinda baadhi ya wachezaji bora duniani wa Gran Turismo. Huyo sidhani kama angehitaji pua nzito. Bobu wetu ni wa kizamani, naye anahitaji, na huyo ndiye tuliyepewa.

Shindano tulilorudia ni la mzunguko uitwao Trial Mountain, wa milimani, wenye mapango na kona za kujificha. Jioni ile kibanda kizima kiliacha michezo yao, kikatazama wetu. Bobu alianza nyuma. Hakumpita mtu kwa fujo. Mzunguko wa kwanza nafasi moja, wa pili nafasi mbili, na kila kona akirudi katika mstari wake kama ng'ombe anayejua njia ya zizi. Nilitaka kumpa amri ya 5, kidole changu kimoja kizima kikawasha. Kijana akasema, "Bado, Mjomba. Ukimsukuma sasa ataharibu." Nikaacha. Katika mzunguko wa mwisho tu ndipo alipokubali tumpe 4. Bobu akamaliza wa pili. Wa pili! Vijana wakapiga makofi kama kwamba Kagera Sugar wamefunga bao. Kijana wangu alicheka kwa sauti, na nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kukisikia kicheko chake tangu alipokuja na sanduku lake.

Tulirudi nyumbani gizani, matope mpaka vifundoni. Nikamwuliza haya aliyajua wapi. Akanieleza kwamba siku za likizo marehemu baba yake alikuwa akimpandisha katika lori, na kumfundisha kusikiliza. Baba alipakia kwa namna moja akiendesha mwenyewe, na kwa namna nyingine akimwachia utingo alama za barabara tambarare ajifunze. Mzigo mzito mbele, kamba mbili zaidi, na upepo wa matairi anaupima upya. Akasema, "Baba alikuwa anamwangalia kwanza mtu." Kisha akanyamaza, na mimi sikuwa na neno.

Usiku ule sikulala upesi. Nilikuwa na kijana yule nyumbani miezi minne. Nilijua maksi zake zote za Kidato cha Nne, na sikujua kwamba anaweza kutambua kwa sikio lori lenye nozeli mbovu likipanda mlima. Asubuhi nikafungua mtoto wa meza, nikaisoma tena karatasi niliyoijaza. Mwandiko ulikuwa mzuri. Penye sababu za kuupenda ualimu nilikuwa nimeandika mambo yaliyonifurahisha mimi nilipokuwa na umri wake, chaki, ubao, watoto wakisimama kukuamkia. Hakukuwa na hata neno moja lake.

Nikamwuliza, mara ya kwanza, anataka nini. Alichukua muda mrefu kujibu, akidhani ni mtego. Akasema anataka kusoma ufundi wa magari VETA, na kwamba alijua tangu mwanzo nisingependa.

Msidhani mambo yaliishia hapo kwa furaha. Nilipanda basi mpaka Muleba kumweleza dada. Dada akalia. Akasema mumewe alikufa mikononi mwake akinuka dizeli, na hataki kunusa harufu ile tena katika nguo za mwanawe. Akasema mwalimu hupata mshahara wa kila mwezi na nyumba yenye heshima, fundi hulala chini ya motokaa ya mtu. Ana haki ya kusema hivyo. Sikumbishia. Nilimwomba kitu kimoja tu, aje Hamugembe akae siku tatu, amtazame kijana akifanya kazi, bila kumwambia neno. Akauliza, "Nimtazame ili iweje?" Nikashindwa kumweleza habari za Bobu, nikamwambia aje tu.

Atakuja juma lijalo, akimaliza kuanika kahawa. Kwa sasa kijana huenda asubuhi kwa fundi mmoja wa jirani, humshikia taa na kuosha vipuri, bila malipo. Katika mtoto wa meza yangu mna karatasi mbili: ile ya ualimu niliyoijaza, na ya pili tupu. Hiyo ya pili sijaigusa kwa kalamu.

Na jioni za Jumamosi bado tunakwenda kibandani, saa moja tu, baada ya ofisi kufungwa. Sasa tunataka kumpeleka Bobu Nürburgring, uwanja wa kweli wa Ujerumani uliofunguliwa mwaka 1927, ambao mzunguko wake mrefu unapita kilometa 20 na una kona nyingi kuliko barabara ya kwetu kwenda ziwani. Kijana anasema Altezza itafaa, ila gia lazima zibadilishwe. Mimi naona tuziache kama zilivyo. Bado tunabishana.